Mashua ya Shemeji na Kikwembe cha Glodie

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Nimerudi kutoka semina. Cheti ninacho! "Kanuni Bora za Maofisa wa Fedha katika Zabuni za Umma." Jina langu chini yake, Bavon, bila kosa hata moja. Nimekitundika salon, yaani sebuleni, ili kila anayeingia akione kabla hajakaa.

Hakuna anayekaa. Kochi lina mwenyewe. Chini ya cheti amelala Séverin, kaka wa mke wangu Glodie, miguu juu ya mkono wa kochi, nyavu zake za samaki juu ya meza yangu. Alikuja mwezi wa tatu kwa siku mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Alishukuru, akaliegemeza ukutani, akaanika soksi juu yake.

Kisa chake ni hiki. Watu wa kwao ni wavuvi wa pale kwenye maporomoko, lakini Séverin aliona samaki ni kazi ya jana. Akajenga mashua. Mashua kubwa ya mbao, ya injini, na alitia ndani yake kila alichokuwa nacho, hata kodi ya nyumba. Hakuna aliyeinunua. Sasa mashua inamsubiri mnunuzi ufuoni, na mwenyewe anamsubiri kwangu. Siku ikiuzwa atapanga nyumba mtaa wa Mangobo, nami nitarudishiwa kochi langu. Sitaki kitu kingine duniani. Nataka kukaa.

Na tazama Mungu! Leo asubuhi Mkurugenzi wetu, Papa Alphonse, ametangaza kwamba Ofisi ya Vivuko itanunua mashua ya kuvusha watu kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Ile ya zamani ilikufa maji yakiwa magotini mwa abiria. Akina mama wanaouza sombe, majani ya muhogo, wanavuka kwa mitumbwi midogo, na juma lililopita mmoja alipoteza gunia zima mtoni. Huko sokoni ofisi yetu inatajwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ofisi inataka mashua. Shemeji ana mashua. Mkuu wa fedha ni mimi. Mbona rahisi hivi!

Mwalimu wa semina alitutajia hila zote ambazo maofisa wabaya hutumia kuiba zabuni. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi niliandika moja baada ya nyingine. Nusu yake nilikuwa sijawahi kuisikia.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Hila ya kwanza: kugawanya. Manunuzi madogo hayahitaji zabuni, unanunua tu kwa mtu unayempenda. Nikapendekeza kikaoni tununue nusu ya mbele ya mashua mwezi huu, na nusu ya nyuma mwezi ujao.

Rachida akauliza abiria watapanda nusu ipi.

Huyu Rachida ni katibu wa kamati ya zabuni. Meza yake inatazamana na yangu, na feni pekee inayofanya kazi katika ofisi nzima inapuliza upande wake. Akaeleza, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, kwamba kukata ununuzi mmoja vipande ili kukwepa zabuni ni kosa. Nikamjibu kwamba najua, nina cheti. Akasema na yeye anacho, amekiweka kwenye droo. Watu walicheka. Papa Alphonse alijifanya anakohoa.

Imeamuliwa: zabuni ya wazi, kila mtu anaruhusiwa. Ila kuna habari njema. Kwa kuwa nimetoka masomoni juzi, nimepewa kazi ya kuandika vipimo vya mashua inayotakiwa. Vipimo! Hila namba nne katika orodha ya mwalimu! Unaandika vipimo vinavyomfaa mtu mmoja tu, wengine wote wanaanguka wenyewe, na mikono yako inabaki safi.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Nimekwenda ufuoni kuipima mashua ya Séverin. Mwenyewe alikuwa amelala.

Tatizo lilikuwa metre. Mtu wa serikali akionekana na metre ya seremala kando ya mto, ifikapo mchana mji mzima unajua kuna kitu kitanunuliwa, ifikapo jioni Rachida anajua. Lakini mwanamume mwenye kikwembe cha mkewe? Nani atamtilia shaka? Atadhaniwa anaanika nguo. Kwa hiyo nilichukua kikwembe cha Glodie, kitenge kile cha samaki wa njano, yadi sita kamili kama vyote vinavyouzwa sokoni. Akili ni mali.

Nikakitandaza kutoka pua ya mashua hadi nyuma. Vikwembe viwili na mikono miwili. Nilipiga hesabu nikipanda toleka kurudi mjini, nikiwa nimekalia nyuma ya baiskeli na kikwembe mapajani: mita kumi na mbili.

Jioni mama mkwe, Mama Clothilde, akapiga simu kumuuliza Glodie kama tumegombana. Wavuvi wamemwambia mkwewe anafua nguo za mke mtoni. Glodie hakukanusha. Alionekana kufurahi.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nimemkabidhi Rachida vipimo. Kazi safi sana. Urefu mita kumi na mbili, isizidi wala isipungue. Rangi bluu nje, kijani ndani. Benchi la tatu liwe limepinda kidogo upande wa kushoto. Karibu na injini kuwe na alama ya jiko la mkaa, yenye ukubwa wa sahani.

Akasoma mpaka mwisho. Akauliza kwa nini benchi lipinde. Nikasema ni kwa ajili ya mgongo wa abiria. Na alama ya jiko? Nikasema ni usalama.

Akachukua kalamu nyekundu. Akasema vipimo vinaeleza mashua ifanye kazi gani, haviielezi mashua ya mtu aliyekwisha kuijenga. Ikatoka rangi. Ikatoka benchi. Ikatoka alama ya jiko. Akaongeza idadi ya abiria, makoti ya kuokolea, na dhamana ya injini. Mita kumi na mbili aliiacha, maana hakujua ukubwa wa nafasi ya kuegesha, akaniamini mimi.

Yatosha! Nani mwingine hapa Kisangani ana mashua ya mita kumi na mbili kamili? Mnyonge wangu Rachida.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Tangazo limetoka. Nilikuwa na mpango nalo. Nilijitolea kulibandika mwenyewe, nikalibandika kwa uangalifu nyuma ya mlango wa stoo, mahali pa wazi kabisa kwa yeyote aliyejifungia ndani.

Saa ya chakula nikasikia sauti ya Rachida kwenye redio ya mlinzi. Analisoma tangazo! Kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala! Baadaye nikaambiwa liko pia kivukoni, sokoni, na kwenye ukuta wa msikiti, na kwamba padri atalisoma Jumapili.

Hadi saa kumi watu wengi walikuwa wamechukua masharti ya zabuni. Miongoni mwao Papa Idrissa, fundi mashua mwenye karakana kando ya soko, mzee wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na biashara za zamani na hawakuondoka. Mtu mtulivu mno. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani. Simpendi.

Séverin naye nilimpeleka achukue. Penye anwani akaandika yangu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ndiko anakokaa.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Balaa! Balaa tupu!

Asubuhi Glodie alikuwa anakwenda harusini, amevaa kikwembe cha samaki wa njano. Kichwani alikuwa na kilemba. Kilemba cha samaki wa njano. Nikamwuliza, kwa upole, kitambaa cha kilemba kimetoka wapi. Akasema fundi alikata yadi moja ya kikwembe mwaka jana, na kwamba kama ningekuwa ninamtazama ningekwisha kukiona.

Yadi moja! Na mimi nilikitandaza mara mbili! Mashua ya Séverin si mita kumi na mbili. Ni mita kumi. Nimeandika vipimo ambavyo mashua ya shemeji yangu haina.

Nakiri nilipaza sauti. Nilimwambia Glodie kwamba mashua ya kaka yake imepungua mita mbili kwa sababu ya kichwa chake. Akaenda harusini bila kuaga. Nimekula lituma ya jana, ndizi za kupondwa, kavu, nimesimama. Kochi lina mtu.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Akili imerudi. Kama mashua haifai vipimo, vipimo vitafaa mashua.

Nilikwenda kwa Rachida nikamwambia, nikiwa na uso wa huzuni, kwamba nimekosea urefu. Ni mita kumi, si kumi na mbili. Nilikuwa tayari kwa vita. Yeye akachukua mwavuli wake na metre ya kweli, akateremka kivukoni, akapima nafasi ya kuegesha. Akarudi akisema niko sahihi. Mashua inayozidi mita kumi haiwezi kuegesha pale, itaziba njia ya mitumbwi. Alinipongeza mbele ya Mkurugenzi! Papa Alphonse alinishika bega. Akasema hii ndiyo faida ya semina.

Sahihisho limeandikwa: mita kumi, isizidi. Kwa mujibu wa kanuni ni lazima kila aliyechukua masharti apelekewe nakala siku ileile, ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake. Rachida alituma zote. Nakala ya Séverin nilisema nitaibeba mwenyewe, ni njiani kwangu; kwamba tunakaa nyumba moja sikusema.

Iko kwenye mkoba wangu. Hakuna haja ya kumsumbua mtu. Mashua yake ni mita kumi tayari, afanye nini zaidi?

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Séverin hajalala hapa tangu Jumapili! Glodie anasema ana shughuli. Sikuuliza shughuli gani. Mtu haulizi baraka.

Nimekaa kwenye kochi. Nimekaa upande wa kulia, nikakaa wa kushoto, nikalala katikati. Linanuka samaki wa kukaushwa, lakini ni langu. Nimeutazama ukuta wangu na cheti changu. Machozi yalinilengalenga. Kuwa na nyumba ni kitu kizuri.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Glodie amekuja na uso wa sikukuu. Akaniambia nivae, kuna kitu cha kuona ufuoni. Amenisamehe yale maneno ya kilemba, akasema, na kosa lake amelirekebisha mwenyewe.

Tukafika. Familia yote ilikuwepo, imevaa nguo za kanisani. Mama Clothilde mbele, kwenye kiti. Mashua ya Séverin imepakwa rangi upya, imefungwa majani ya mchikichi puani. Na imekuwa ndefu.

Ndefu!

Glodie alikuwa amemwambia kaka yake nilivyosema: mashua imepungua mita mbili. Séverin na ndugu zake wakafanya kazi juma zima, wakaifungua mashua katikati, wakaunga mbao mpya, na mwungano wenyewe huuoni hata ukiutafuta. Mita kumi na mbili kamili, kama tangazo la kwanza. Wamepima kwa metre. Séverin alinikumbatia mbele ya watu wote, akasema bila bokilo wake, yaani mimi shemeji yake, angekwenda kwenye zabuni na mashua fupi.

Ubavuni wameandika kwa rangi nyeupe: MAMA CLOTHILDE. Katekista alikuwa amekwisha kuibariki. Nikaletewa glasi ya mvinyo wa mchikichi. Niliinywa yote, nikaomba nyingine. Mkobani mwangu, chini ya kwapa, ile nakala ya sahihisho ilikuwa inachoma kama kaa la moto.

Jumapili, tarehe 21 Septemba

Nimewaambia. Niliwaita Séverin na Glodie salon, nikatoa karatasi, nikasoma. Mita kumi, isizidi. Nikasema jambo ni dogo: msumeno, asubuhi moja, kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Ndipo Séverin akasema:

"Bokilo, mashua inaitwa mama. Mi siwezi kukata mama na musumeno."

Glodie akauliza kama nimesikia nilichokisema. Kwamba ninataka mama yake akatwe katikati. Nikaeleza kwamba ni mbao. Akasema mbao zilizobarikiwa, zenye jina, mbele ya mama mwenyewe aliyekaa kwenye kiti. Nikauliza kama jina haliwezi kufutwa kwanza. Hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi.

Séverin hakukasirika. Yeye hakasiriki, ndiyo shida yake. Akanifariji kwamba nisiogope. Serikali imeomba mita kumi, yeye analeta kumi na mbili kwa bei ileile. Nani anakataa mita mbili za bure?

Leo amelala tena kwenye kochi. Mimi nimelala mkekani, maana Glodie ana hasira na kitanda chote.

Alhamisi, tarehe 25 Septemba

Siku ya kufungua bahasha. Niandike nikiwa bado na mkono.

Kanuni inataka bahasha zote zifunguliwe kwa wakati mmoja, mahali pamoja, mbele ya wazabuni wenyewe, bei zisomwe kwa sauti. Ukumbi ulijaa. Mimi mezani, kulia kwa Papa Alphonse, tai imekaza. Mpango wangu wa mwisho: leo zinasomwa bei tu. Mashua zitakaguliwa baadaye, nami nitajitolea kukagua. Nilijitolea hata kabla hatujaketi. Rachida akasema aliyeandika vipimo hakagui, kazi hizo hazikai kwa mtu mmoja. Ukurasa wa kwanza wa semina. Nilikuwa nimeusahau kwa sababu siku hiyo nilifuatilia zaidi chakula.

Wazabuni wakaingia. Papa Idrissa na kofia yake nyeupe. Wafanyabiashara wawili wa upande wa Bangboka. Halafu Séverin, amevaa koti langu la kanisani, bahasha mkono mmoja, kikapu cha samaki wa kukaushwa mkono mwingine. Kikapu akakiweka mezani, mbele ya kamati. Akasema ni cha kamati nzima, asionekane mtu wa upendeleo.

Samaki wazuri ajabu. Papa Alphonse alikitazama kikapu kwa uchungu wa kweli. Rachida akawaandika samaki kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha akaagiza kikapu kirudishwe kwa mwenyewe. Kikarudi. Harufu ikabaki.

Kisha Papa Alphonse akauliza, kama anavyotakiwa kuuliza, kama kuna mtu mwenye undugu na upande wa pili, aseme sasa. Swali lilikuwa letu sisi wa mezani. Mimi nilitazama kalamu yangu. Ni kalamu nzuri, sijawahi kuitazama vizuri. Kimya kilikuwa kinapita salama.

Séverin akasimama. Akaona swali linamhusu na yeye, na jibu analo, na ni jibu la kujivunia.

"Mi iko na undugu," akasema. "Papa Bavon ule pale, iko bokilo yangu. Niko nalala kwake mu salon tangu mwezi ya tatu. Ni mutu muzuri sana. Ni ye alipima mashua yangu, na kikwembe ya dada yangu."

Hakuna aliyekohoa. Kalamu ya Rachida ilikuwa inakwenda, inakwenda. Papa Idrissa alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. Papa Alphonse akavua miwani, akaniomba, kwa sauti ya chini, nitoke nje. Nilipita katikati ya watu wote. Séverin alinipungia mkono.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimbiwa na ndugu wa mke, lakini nimeingia vilevile.

Jumanne, tarehe 30 Septemba

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Nilikwenda na Basoko kichwani. Kila mtu ofisini anajua kuna kituo chetu Basoko, safari ndefu ya mtoni, chenye meza na hakina paa, na wakosaji huhamishiwa huko.

Papa Alphonse alisema aliifikiria Basoko usiku kucha. Kisha akamhurumia mtu wa Basoko atakayeletewa mimi. Nimeondolewa kwenye kamati ya zabuni. Feni imeondolewa pia upande wangu, ingawa haikuwahi kuwa upande wangu. Na nitarudia semina, safari hii Yangambi.

Nitakuwa na vyeti viwili. Rachida ana kimoja.

Matokeo: Papa Idrissa ameshinda. Mashua yake ni mita kumi, makoti ya kuokolea yote yapo, mwezi ujao akina mama watavuka na magunia yao. Mashua ya Séverin imewekwa kando kwa sababu ya urefu. Nilikuwa ninakusanya karatasi zangu za kamati Rachida alipokuja mezani kwangu. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akavuta kiti, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Papa Bavon, ungesema tu siku ya kwanza kwamba ni shemeji yako. Ungetoka mu chumba, na mashua yake ingepimwa sawa na zingine. Bei yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Na mwenyewe anasema kabla ya kurefushwa ilikuwa mita kumi."

Akarudi kwenye feni yake.

Nilikaa na maneno hayo. Mashua ile ile. Ile ile, ufuoni, kama ilivyokuwa kabla sijaigusa kwa kikwembe. Ningesema tu, ningetoka nje tu, ingenunuliwa kwa haki, na leo Séverin angekuwa Mangobo anatafuta misumari ya kutundikia nyavu zake. Niliona aibu. Aibu ya kweli, mpaka masikio yakawa moto. Ilidumu hadi saa ya chakula.

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba

Mashua imeuzwa!

Mfanyabiashara mmoja wa Basoko aliiona ufuoni. Alikuwa anatafuta mashua ndefu ya kubebea mahindi na watu, na zote alizoonyeshwa zilikuwa fupi. Amelipa zaidi ya bei ya zabuni. Jina hakutaka lifutwe, anasema mama huleta bahati safarini. Mama Clothilde alilia. Séverin anamwambia kila mtu kwamba wazo la kurefusha lilikuwa langu.

Nilikimbia nyumbani. Nilikimbia kweli, mkoba mkononi. Nikafikiri: ana fedha, atapanga nyumba, leo, au kesho kwa kuchelewa.

Nilimkuta salon anafungua boksi. Televisheni. Kubwa, inaziba cheti. Akanishika mikono yote miwili, akasema amesikia ofisini wamenitoa kwenye kamati kwa sababu yake, na kwamba mtu na heshima zake hawezi kumwacha bokilo wake peke yake katika aibu. Atakaa. Atakaa hadi jina langu lisafike. Ndugu zake nao watakuja siku za mechi ili nyumba isiwe na ukimya.

Glodie ana kikwembe kipya cha yadi sita, nadhani Séverin ndiye aliyemnunulia, sikufuatilia. Glodie anaimba jikoni. Mimi nimekaa juu ya boksi la televisheni. Si baya.

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Nimefikiri kanisani, mahubiri yote. Nimeona kosa langu lilipokuwa.

Rachida amezitaka idara zote zitaje mahitaji yao ya robo mwaka. Mimi bado ni idara! Wageni wa Mkurugenzi wanasubiri wamesimama. Wanahitaji kochi. Kochi moja, la watu watatu, la kahawia, mkono wa kushoto uwe umechakaa kidogo ili wageni wasiogope kukaa. Mzabuni atakuwa Osée, mtoto wa mjomba wangu, naye atawauzia hili langu. Si shemeji. Swali la Papa Alphonse likija, shemeji hayumo humo kabisa. Hii ndiyo maana ya kujifunza.

Kochi likiondoka, Séverin atalala wapi? Hewani? Hakuna kochi, hakuna shemeji. Sijui kwa nini sikuanza na hili.

Nimeanza vipimo mchana huu, kila mtu akiwa amelala baada ya chakula. Na sirudii upuuzi wa mara ya kwanza. Safari hii nimechukua kikwembe kipya cha Glodie, kipya kabisa, bado kina karatasi ya dukani, hakijakatwa hata uzi. Séverin alikuwa amelala kochini, kwa hiyo nilikitandaza juu yake, taratibu, kutoka kwenye kichwa hadi kwenye miguu.

Nilipofika magotini akafumbua jicho. Akakiona kikwembe, akaniona mimi nimekishika kwenye pindo. Akakivuta hadi kidevuni, akajigeuza upande wa ukuta.

"Asante, bokilo," akasema. "Kulikuwa na baridi kidogo."

Urefu nitaukadiria tu.